Muulize Shangazi wa Kanda: Injini ya mkopo, wimbo wa mkopo

Toleo lililopita nilidokeza, kwa mstari mmoja tu, kwamba kabatini mwangu kuna vitabu vya waandishi wa habari wa Marekani walioichimba biashara ya muziki mpaka mizizini. Sikujua nimetupa njiti kwenye nyasi kavu. Barua zimekuja nyingi. Nimechagua nne, na ya mwisho nimeichagua kwa sababu ilininyima usingizi.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni msanii chipukizi, naishi Igoma. Kuna jamaa ana studio na lebo, anataka nisaini miaka mitano. Atanipa milioni kumi mkononi na kunifanyia video kali. Wewe ulisema umesoma vitabu vya waandishi kuhusu mambo haya. Nianze na kipi, nitakipata wapi, na je, kitanisaidia kabla ya Jumatatu? Kiingereza changu ni cha kuombea maji. – Chipukizi, Igoma.*

Marahaba mwanangu. Kabla ya Jumatatu hakuna kitabu kitakachokusaidia, labda cha sala. Basi tuanze na samaki, vitabu vitafuata.

Umewahi kufika Mwaloni Kirumba alfajiri? Utawaona wavuvi wakishusha sangara na kuwapeleka moja kwa moja kwa mtu mmoja mwenye mizani, wala hawaulizi bei ya mizani ya jirani. Ukiwa mgeni utasema ni wajinga. Si wajinga. Injini ya boti ni ya huyo mwenye mizani, nyavu ni zake, petroli iliyochomwa usiku kucha ni yake. Samaki anakatwa deni kwanza. Anayepanga bei ni yeye, na anayeandika daftari ni yeye huyo huyo.

Hizo milioni kumi zako wenyewe mnaziita adivansi. Ni injini ya mkopo hiyo. Chukua kalamu. Tuseme mkataba unakupa asilimia 15 ya mapato. Milioni 10 za mkononi ni deni, video ya milioni 8 nayo ni deni, jumla 18. Wimbo ukabamba, ukaingiza milioni 40. Lebo inachukua 34 zake, zako ni 6. Hizo 6 huzioni, zinazama kwenye deni. Bado unadaiwa 12. Aliyetoa 18 amekusanya 40 zote, na daftari linasema mdaiwa ni wewe, uliyejaza uwanja.

Halafu kuna jambo moja ambalo hata Mwaloni halipo. Mvuvi akimaliza deni, injini inakuwa yake. Msanii akimaliza deni, masta ya wimbo, yaani ile rekodi mama, kwa kawaida inabaki kwa lebo, kwa sababu ndivyo alivyosaini. Hapo mfano wangu unavunjika, na unavunjika upande wako. Kwa hiyo Jumatatu usiulize habari ya kamera wala gari la video. Uliza masta ni ya nani, kwa miaka mingapi, na nani anaruhusiwa kufungua daftari. Akikujibu kwa kicheko, sema unampelekea mjomba wako wakili, hata kama wakili huyo ndiyo kwanza utamtafuta. Na nyimbo ulizokwisha kutunga zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujamkabidhi mtu faili.

Sasa kitabu. Anza na cha Fred Goodman, aliyepata kuwa mhariri katika jarida la Rolling Stone, kuhusu mtu aitwaye Allen Klein. Kilitoka 2015. Klein alikaa sehemu ya utoto wake katika kituo cha yatima huko New Jersey, akasomea uhasibu, na kipaji chake kilikuwa kimoja tu: kufungua daftari la kampuni ya rekodi na kukuta mahali hela ya msanii ilipolala. Alimfanyia hivyo mwimbaji Sam Cooke, kisha bendi ya Rolling Stones, kisha Beatles. Walimwamini kama mtu anavyomwamini mganga aliyemtoa jini. Na fedha aliwapatia kweli, Goodman hamchori kama shetani, ndiyo maana nakipenda kitabu hiki. Lakini nenda mpaka mwisho uone: rekodi za Rolling Stones za miaka ya 1960 ziko kwa kampuni aliyoianzisha Klein, ABKCO. Haziko kwa Rolling Stones. Aliyemfukuza mwizi dirishani ndiye aliyebaki na ufunguo wa mlango.

Cha pili ni cha John Seabrook wa jarida la The New Yorker, nacho cha 2015, kinachoeleza jinsi nyimbo za pop za Marekani zilivyokuwa zikitungwa Stockholm na Wasweden waliojifungia studio inayoitwa Cheiron. Kizuri, ila wewe huna shida ya kutunga. Kiruke kwanza.

Kupata: ulizia Maktaba ya Mkoa, na ukiwa na rafiki pale chuoni Malimbe mtume akuulizie. Mimi kitabu changu cha kwanza cha mambo haya, kingine kabisa si hivi viwili, nilikinunua mitumba, 2011, kwa elfu tatu, barazani pa muuza vitabu wa Barabara ya Nyerere. Hakikuwa na jalada. Nilikisoma na kamusi miezi minne. Kwa hiyo usinitishe na Kiingereza cha kuombea maji, changu kilikuwa hakipati hata hayo maji.

*Salaam Shangazi, nakuita hivyo ingawa huenda tuko rika moja. Mwanangu ni mwimbaji, yuko huko mjini Mwanza. Ameshauza mbuzi wangu watatu. Sasa meneja wake anataka laki tano, anasema ni "ya redio". Kila nikiuliza ni ya redio gani naambiwa mama wewe huelewi gemu. Nisaidie nielewe hilo gemu. – Mama mzazi, Nansio.*

Mwenzangu, gemu lina miaka mingi kuliko mimi na wewe, na lina jina: payola, yaani hongo ya kupigiwa wimbo redioni. Kitabu nilichosema hakikuwa na jalada ndicho kilichonieleza. Kinaitwa Hit Men, kilitoka 1990, na aliyekiandika, Fredric Dannen, hakuwa mwandishi wa burudani. Alikuwa wa habari za fedha. Ndiyo siri yake. Wa burudani wanaangalia jukwaa, yeye aliangalia hundi.

Kisa chake cha mwanzo kinatokea Los Angeles, mapema 1980. Pink Floyd, bendi ya Uingereza, wanajaza ukumbi usiku hadi usiku. Tiketi zimekwisha. Wimbo wao unapanda chati nchi nzima. Lakini stesheni kubwa za mji ule ule, zinazojidai kupiga kila kinachovuma, haziupigi. Kwa nini? Bosi mmoja wa CBS Records, kampuni iliyouza rekodi zao Marekani, Dick Asher, alikuwa amechoka na gharama za madalali wa redio akaamua kujaribu: katika mji huu mmoja tusiwalipe, tuone kitakachotokea. Akaona. Kelele za upande wa bendi zilipozidi, madalali wakalipwa, na wimbo ukasikika.

Nasema madalali kwa makusudi. Kampuni haikumpelekea mtangazaji bahasha. Ilimlipa mtu wa kati, mwenye ofisi na risiti, anayesema kazi yake ni kutangaza nyimbo. Yeye ndiye aliyejua anaongea nini na stesheni. Kampuni mikono safi, stesheni mikono safi, na hela imefika. Mwaka 1986 televisheni ya NBC ilirusha habari juu ya madalali hao, makampuni yakaapa hayawajui tena.

Na Wamarekani walikuwa wamekwisha kulitungia sheria jambo hili, tangu 1960. Sheria yenyewe ina ujanja ambao ningependa uusikie: haikatazi kulipia wimbo upigwe. Inakataza kulipia kimyakimya. Ukimwambia msikilizaji kwamba wimbo huu umelipiwa, huna kesi. Ukificha, faini ni mpaka dola 10,000 na jela mpaka mwaka mmoja. Aliyeangukiwa na dhoruba ile ni mtangazaji Alan Freed, aliyeulea muziki wa rock and roll redioni. Alikiri makosa mwaka 1962, akatozwa dola 300 tu, lakini kazi ilikuwa imekwisha kufa. Yeye mwenyewe alikufa 1965, ana miaka 43.

Kuna jambo la Freed ambalo mweleze mwanao polepole. Jina lake liliandikwa kama mtunzi mwenza wa wimbo wa Chuck Berry wa 1955, wimbo ambao hakuutunga. Bahasha inalipwa mara moja, mwenzangu. Jina kwenye utunzi linakula kila mwaka, na likarithiwa. Kwa hiyo siku mtangazaji au meneja atakapomwambia mwanao "niandike na mimi mtunzi, hela achana nayo", ajue ndiyo bei kubwa kuliko zote.

Sasa nikwambie la kwangu, maana nisiposema nitakuwa mnafiki. Baada ya kufunga duka langu la kanda za muziki nilipewa kipindi cha rumba, Jumapili jioni, kwenye stesheni ambayo sitaitaja. Mwaka 2005 kijana mmoja aliniletea CD. Nilipofungua kasha nikakuta chini ya CD noti nne za elfu tano, zimekunjwa vizuri kama barua ya mapenzi. Nilizichukua. Wimbo wake nikaupiga Jumapili tatu, nikiuchomeka kati ya Franco na Mbilia Bel kana kwamba ndipo mahali pake. Jumapili ya nne hakuleta kitu. Sikukaa nikaamua kutoupiga. Mkono tu haukuuendea. Na yule kijana, nadhani, mpaka leo anaamini wasikilizaji walimchoka.

Basi fanya hivi. Mwambie meneja aandike kwenye karatasi: laki tano inakwenda stesheni gani, kipindi gani, mara ngapi. Stesheni zinauza muda wa matangazo na zinatoa risiti. Hiyo ni biashara ya mchana kweupe, na bei yake unaweza kuiulizia mwenyewe kwa simu ukiwa hapo hapo Nansio. Akikwambia "mama, haya mambo hayaandikwi", amekwisha kukujibu. Mbuzi waliobaki waache wazae.

*Shikamoo Shangazi. Nasoma uandishi wa habari hapa Malimbe. Waandishi hao walipataje siri hizo bila kuburuzwa mahakamani? Na kwa nini sisi hatuna kitabu cha namna hiyo kwa Kiswahili? – Mwanafunzi, mwaka wa pili.*

Marahaba. Swali la kwanza ni jepesi: walikwenda mahakamani wao kwanza, kusoma. Morris Levy, mwenye Roulette Records, aliogopwa na jiji zima la New York, lakini alipotiwa hatiani 1988 kwa njama za kupora kwa vitisho, ushahidi ulikuwa umesomwa kwa sauti mbele ya jaji. Hapo mwandishi haibi siri, ananakili. Kingine, walitafuta waliofukuzwa kazi. Bosi aliyeko kitini anasema sentensi tatu, zote zimepigwa pasi. Aliyetolewa kitini anakupikia na chai.

La pili linaniuma zaidi. Msomi mmoja wa muziki, Alex Perullo, aliandika kitabu kizima juu ya uchumi wa muziki wa Dar es Salaam. Kilitoka 2011, kwa Kiingereza, na ni cha Dar. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumo kwenye nyimbo za watu tu, kama miamba ya nyuma ya picha.

Na wewe unakaa juu ya mgodi, mwanangu. Waimbaji wa asili wa Kisukuma wana soko lao ambalo halina habari na Bongo Fleva. Harusini wanatuzwa jukwaani noti kwa noti, video zao zinahamia kwenye flashi na memori kadi katika vibanda vya kuingizia nyimbo, zinapanda mabasi mpaka Kahama na Geita, na wapo wanaotajwa majina ndani ya wimbo kwa kulipia. Nani anashika hiyo hela? Mpiga picha? Mwenye kibanda? Kiongozi wa kundi? Sijui mtu aliyekaa chini akaihesabu. Ihesabu wewe.

Ukitaka pa kuanzia, nenda Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa Juni. Utawakuta Wagika na Wagalu, zile jamii mbili za ngoma zilizoanzia kwa Ngika na Gumha, manguli wawili walioshindana zamani. Sheria ya mashindano ni moja: mnacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na anayevutiwa watu wengi ndiye mshindi. Wazee wetu walikuwa na dawa ya kuwavuta watazamaji upande wao. Ukiniuliza mimi, hiyo nayo ilikuwa promo, na mganga alikuwa dalali wa redio kabla ya redio. Muulize mzee yeyote pale mganga alilipwa kabla ya ngoma au baada. Jibu lake linatosha sura ya kwanza.

*Shangazi, wabeja sana kwa safu yako. Ila mimi nilikuwa mteja wako pale Mlango Mmoja. Deki zako mbili zilikuwa hazilali. Hakuna kanda hata moja niliyonunua kwako ambayo hukuidurufu mwenyewe. Leo unatufundisha haki za wasanii? – Mteja wa zamani, Mabatini.*

Kweli tupu. Sina pa kujificha, na sura yako nadhani naikumbuka: wewe si yule wa kanda za dakika 90, uliyekuwa unadai nijaze upande B mpaka utepe uishe?

Nilifungua 1991, nikafunga 2003, nilipoona vijana wa CD za kuchoma wameniacha. Miaka hiyo yote sikumlipa msanii hata senti. Nyimbo nyingine nilizinasa redioni usiku, kidole kikiwa juu ya kitufe, nikimlaani mtangazaji asiongee kabla gitaa halijaisha. Za Kongo zililetwa na madereva kutoka Bukoba na Sirari. Kava nilipiga fotokopi, majina ya nyimbo niliandika kwa mkono. Na nilijiona, Mungu anisamehe, kama mlezi wa muziki. Bila mimi nani angewasikia hawa huku Mwanza?

Ndiyo maana kitabu kilichonigusa kuliko vyote si cha Dannen. Ni cha Stephen Witt, cha 2015. Amemfuatilia mfanyakazi wa kawaida, Dell Glover, wa kiwanda cha kutengeneza CD huko Kings Mountain, North Carolina. Glover alikuwa akizitoa CD kiwandani wiki kadhaa kabla hazijafika madukani, zikipita kwa walinzi nyuma ya chuma kikubwa cha mkanda wa suruali, na kundi lake likazimwaga kwenye intaneti. Kwa miaka, karibu albamu 2,000. Mabosi wa New York walikuwa wanamtafuta mdudu aliyekuwa anawala, kumbe amekaa kwenye mstari wao wa uzalishaji, amevaa kofia ya kazi. Alifungwa miezi mitatu. Witt hamtetei wala hamsulubu. Anamwacha aongee, na unaposikia jinsi mtu yule alivyopenda kuwa wa kwanza kuwa nacho, wa kwanza kumpa mwenzake, nikajiona mimi na deki zangu, nikaweka kitabu chini nikaenda kupika.

Lakini wewe umeuliza haki ya kufundisha. Sina. Nina kisa tu, ambacho sikuwahi kukiandika.

Mwaka 1996, mchana wa jua kali, aliingia mzee mmoja dukani, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Akapitisha macho rafuni, akachomoa kanda ya nyimbo za zamani, akauliza bei. Mia saba. Akalipa. Akasoma nyuma ya kava, akatabasamu kidogo, akaniambia ule wimbo wa tatu upande B ni wake, yeye ndiye aliyeutunga na sauti ya pili ni yake. Walirekodi Dar, redioni, enzi za bendi za mashirika. Wakapanda treni wakarudi. Utepe ulibaki maktaba ya redio, yeye hakuwahi kupewa nakala. Wimbo wake alikuwa akiusikia kwa bahati, kama mvua.

Nilitaka kumrudishia hela yake. Alikataa, alisema ameshalipa. Ila aliomba kalamu. Jina la wimbo nilikuwa nimelikosea. Nililisikia vibaya siku ile niliyolinasa, na nilikuwa nimeliuza hivyo hivyo miaka minne. Akalirekebisha kwenye kanda yake, kwa mwandiko mzuri wa watu waliosoma zamani, akanirudishia kalamu, akaniambia: "Na hizo nyingine, mwanangu."

Zilikuwa kumi na saba rafuni. Nilizirekebisha zote jioni ile ile, moja moja, kwa mkono. Kisha nikaziuza.